Saksofoni ya Umeme: Kwa Nini Hatufungi Spika Ndani Yake

Msimu wa harusi za Desemba unapokaribia, karakana yetu hapa Nairobi hupokea ombi la aina moja kutoka kwa wapiga saksofoni wengi: wanataka saksofoni ya umeme iliyokamilika, yenye kinasa sauti (kifaa kinachochukua sauti ya chombo na kuigeuza umeme), kikuza sauti, betri na spika, vyote vikiwa vimefungwa kwenye chombo chenyewe, ili mpigaji aingie ukumbini bila waya na bila kumtegemea fundi wa mitambo. Ombi hilo tunalielewa vizuri, kwa kuwa sisi wenyewe tulianza na tamaa hiyohiyo, na chombo cha kwanza tulichokiunda kwa mikono yetu kilikuwa cha namna hiyo hasa. Tunaona ni haki ya mteja kujua kilichotupata, kabla hajalipia kitu ambacho hakitamfaa.

Tulichukua saksofoni ya zamani ya aina ya alto ambayo rangi yake ilikuwa imebanduka lakini pedi zinazofunika matundu yake bado zilikuwa zikiziba sawasawa. Vifaa vya umeme tulivinunua Luthuli Avenue: kapsuli ndogo ya elektreti, yaani maiki ndogo kama zile zilizokuwa ndani ya simu za zamani, saketi ya kukuza sauti yenye chipu ya LM386, betri ya volti 9, na spika ya inchi tatu. Kapsuli tuliibandika ukingoni mwa mdomo mpana wa saksofoni, ule ulio mwisho wa bomba na si ule anaopuliza mpigaji, na spika tukaishikiza kwa vipande vya bati katikati ya mdomo huohuo, ikiwa imetazama nje. Kwa macho chombo kilipendeza mno. Tulipowasha, spika ilipiga ukelele mkali hata kabla mpigaji hajapuliza, kwa sababu kapsuli ilikuwa ikisikia spika, spika ikarudia kilichosikika, na kapsuli ikasikia tena, mzunguko ambao ulikomea tu pale tulipopunguza sauti hadi karibu na sifuri.

Tatizo la pili lilijitokeza mpigaji aliposhuka kwenye noti za chini kabisa. Noti hizo hutoka kwa wingi kupitia mdomo mpana, na spika yetu ilikuwa imeuziba kwa sehemu kubwa, hivyo zilitoka zikiwa zimebanwa na zisizolingana na nyingine. Hata hivyo tatizo la tatu ndilo lililotufanya tufungue chombo chote na kuanza upya. Chipu ya LM386 ikitumia betri ya volti 9 hutoa takriban nusu wati, na spika ndogo ya kawaida inayopewa nusu wati hufikisha desibeli themanini na kitu hivi kwa umbali wa mita moja, ilhali alto inayopulizwa kwa nguvu, bila umeme wowote, huweza kufikisha desibeli 90 na zaidi kwa umbali uleule. Tulikuwa tumeongeza uzito, waya na gharama ili kupata spika ambayo saksofoni yenyewe ilikuwa ikiifunika.

Tangu wakati huo msimamo wetu umekuwa mmoja, na tunaushikilia hata pale mteja anaposisitiza: kinasa, saketi ya awali ya kukuza sauti na betri mahali pake ni kwenye saksofoni, lakini spika mahali pake ni mbali nayo. Mteja anayehitaji uhuru wa kutembea tunamwekea kifaa kidogo cha kurusha sauti bila waya kwenye mkanda wake, nayo spika inasimama anapotaka.

Sababu ya kusisitiza kwamba kinasa kiwe ndani ya saksofoni inahitaji maelezo marefu kidogo. Saksofoni, ambayo Adolphe Sax wa Ubelgiji aliipatia hataza nchini Ufaransa mwaka 1846, ni bomba linalopanuka polepole kutoka shingoni hadi mdomo mpana. Hewa iliyomo hutetemeka, ila haitetemeki kwa namna moja kila mahali. Upande wa mpigaji, ambako ridi, kile kipande chembamba cha tete kilichofungwa kwenye kidomo anachopuliza, hufunga na kufungua njia ya pumzi, shinikizo hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko mahali pengine popote, na hufanya hivyo kwa kila noti, iwe ya chini au ya juu, lakini upande wa pili, bomba linapokutana na hewa ya wazi, mabadiliko hayo ya shinikizo hupungua sana. Isitoshe, noti nyingi hutokea kwenye matundu yaliyo wazi ubavuni, si kwenye mdomo mpana, na ndiyo maana mpigaji anayeingiza maiki kwenye mdomo mpana wa saksofoni husikia noti za chini zikivuma kupita kiasi huku za katikati zikififia.

Mwanzoni mwa shingo, mpigaji anapopuliza kwa nguvu, shinikizo la sauti huweza kupita desibeli 150. Linganisha na desibeli 100 zinazomfikia mpigaji huyohuyo kutoka kwenye ngoma na spika za jukwaani, ambazo tayari ni kelele ya kutosha kumlazimisha mtu apaze sauti ili asikike. Kila desibeli 20 ni shinikizo mara 10, kwa hiyo ndani ya shingo saksofoni inajisikia mara mia kadhaa kuliko inavyousikia ukumbi. Wanaopiga kwenye makanisa yenye paa la mabati wanajua adha ya sauti inayogonga juu na kurudi, na fundi wa mitambo kulazimika kupunguza maiki ya saksofoni kila wimbo unapopanda. Kinasa kilichomo shingoni hakiondoi mwangwi wa jengo, lakini karibu hakiusikii, na fundi anaweza kuongeza sauti pasipo spika kupiga ukelele.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayowashinda wengi wanaojaribu kazi hii nyumbani. Kapsuli za kawaida za elektreti huanza kukwaruza sauti zinapofikia desibeli 110 hadi 120, na ukiiweka moja shingoni bila kinga utasikia mlio uliopasuka tangu noti ya kwanza. Tunachotumia sisi ni diski ndogo ya piezo, inayotoa umeme inapobonyezwa au kutikiswa, yenye upana wa takriban milimita 12, iliyofungwa ndani ya kikombe cha shaba ambacho tunakikereza wenyewe, ikiwa na utando mwembamba mbele yake wa kuzuia mate na mvuke. Diski ya namna hii hustahimili shinikizo kubwa bila kulalamika. Ina tabia yake ngumu, nayo ni kwamba haitaki kuunganishwa moja kwa moja na mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie na hesabu kidogo, kwa kuwa ndipo fedha za wateja wengi zilipopotelea kabla hawajafika kwetu. Diski yetu ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 10. Ikiunganishwa na tundu la mikisa lenye ukinzani wa kiloomu 10, viwili hivyo kwa pamoja huwa chujio linalokata kila kitu kilicho chini ya hezi 1,600 hivi. Sasa noti ya juu ya kawaida ya alto, ile ya F, ina mtetemo wa msingi wa hezi 831 tu, ambayo maana yake ni kwamba misingi ya noti zote za alto inaangukia upande unaokatwa, na kinachobaki ni mchakaricho mwembamba unaofanana na redio iliyoharibika. Ukinzani ukipandishwa hadi megaomu 1, mpaka wa chujio hilo hushuka hadi hezi 16, na sauti yote hupita. Kazi ya saketi tunayoifunga kwenye saksofoni ni hiyo kwanza, kuipokea diski kwa ukinzani mkubwa na kuitoa sauti kwa ukinzani mdogo, na kukuza huja baadaye, tena kwa kiasi, kwa sababu diski iliyomo shingoni tayari inatoa umeme wa kutosha.

Baada ya hapo tunarekebisha rangi ya sauti. Sauti iliyomo ndani ya bomba si ile tunayoisikia tukiwa nje, kwa kuwa matundu ya saksofoni hutoa sauti kali kwa wepesi zaidi kuliko sauti nzito, hivyo aliye nje hupata ung'avu ambao aliyeko ndani hana. Kinasa cha shingoni kikiachwa hivihivi hutoa sauti nzito, iliyozibwa kama mtu anayeongea akiwa na mafua, na kwa hiyo saketi yetu huinua sauti za juu na kuacha kirekebisho kimoja kidogo karibu na kidole gumba ili mpigaji aamue mwenyewe. Chini ya hezi 80 tunakata. Noti ya chini kabisa ya alto iko karibu na hezi 139 na ya saksofoni ya tenor, iliyo kubwa kuliko alto, karibu na hezi 104, hivyo hakuna muziki unaopotea, lakini mngurumo wa hezi 50 unaotokana na nyaya za umeme wa nyumba hupungua sana. Tunasema wazi kwamba mngurumo wa hezi 100, ambao pia hutokana na vifaa vya umeme vyenye kasoro, hauwezi kukatwa hivyo bila kugusa noti za saksofoni ya tenor, na dawa yake ni waya ulio sawa na soketi iliyounganishwa ardhini.

Jambo ambalo wateja hulihofia kuliko yote ni kutoboa shingo, na hofu hiyo ni ya haki. Tundu la milimita chache kwenye shingo ya shaba haliwezi kufutika. Linaweza kuzibwa kwa lehemu, lakini alama hubaki na thamani ya chombo hushuka. Tena shingo ndiyo yenye kile kitundu kidogo kinachofunguliwa na kibonyezo cha oktava, na uvujaji wowote mwingine ulio karibu nacho, hata ule usioonekana kwa macho, hufanya noti za chini ziruke juu zenyewe. Kwa hiyo shingo asili ya mteja hatuitoboi. Tunamshauri anunue shingo ya pili inayolingana na saksofoni yake, tunaifanyia kazi hiyo, na ile asili anaihifadhi ikiwa salama. Shingo hazilingani kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hata aina mbili za kampuni moja huweza kutofautiana, hivyo tunaomba saksofoni nzima iletwe ili tupime kabla ya kununua chochote. Kwa asiyetaka gharama hiyo, tunaweza kubandika diski ya piezo juu ya shingo bila kutoboa, ila tunamweleza mapema kwamba itasikia pia kila kibonyezo kinapogonga, na kwa nyimbo za polepole kelele hiyo huudhi.

Saketi na betri vinakaa kwenye kisanduku chepesi kinachoshikwa kwa vibanio vyenye mpira kwenye kinga ya vibonyezo, bila skrubu mpya na bila lehemu, kwa kuwa joto la kulehemu likikaribia viungo vya zamani vya saksofoni linaweza kuvilegeza. Saketi hula takriban miliampea 3, na betri mpya ya alkalaini ya volti 9 ina miliampea-saa zipatazo 500, kwa hiyo hudumu zaidi ya saa mia moja za kupiga. Umeme huwaka waya unapochomekwa na kuzimika unapochomolewa. Anayeacha waya ukiwa umechomekwa usiku kucha baada ya mazoezi ndiye anayerudi kwetu akisema betri zetu ni mbovu. Umeme wa volti 48 ambao mikisa nyingi hupeleka kwenye maiki usiruhusiwe kufika kwenye saketi hii: pitisha waya kwenye kisanduku cha DI, kifaa kidogo cha kuunganisha chombo na mikisa, ambacho makanisa na kumbi nyingi huwa nacho kwa ajili ya gitaa.

Wazo la saksofoni ya umeme si letu, wala si geni. Kampuni ya Selmer, inayotengeneza saksofoni, ilitoa chombo chake kiitwacho Varitone mwaka 1965, kikiwa na kinasa shingoni, virekebisho kwenye mwili wa saksofoni, na uwezo wa kuongeza noti ya oktava moja chini ya ile inayopigwa, na mpiga saksofoni Eddie Harris wa Chicago alikuwa miongoni mwa waliokifanya kijulikane. Spika yake ilisimama peke yake, nje ya saksofoni. Mteja anayetaka ile oktava ya chini anaweza kuipata leo kwa pedali ya kawaida ya gitaa, na sauti ya kinasa chetu huifaa vizuri kwa sababu haina kelele za jukwaa za kuichanganya.

Kuna lalamiko moja ambalo limejirudia na linafaa kujibiwa hapa, kwamba kinasa kimepandisha noti za saksofoni zikawa juu kuliko zile za kinanda. Kinasa hakiwezi kufanya hivyo. Kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na saksofoni iliyolinganishwa asubuhi ya baridi ya Julai hupanda ikipigwa ndani ya hema mchana jua likiwaka. Kabla ya kinasa hali ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa sasa inasikika wazi zaidi. Vuta kidomo nje kidogo na ulinganishe tena.

Kazi huchukua wiki moja tangu shingo ya pili inapopatikana, na kupima ni bure. Unapokuja, tafadhali leta kidomo na ridi unazotumia siku zote, pamoja na waya wako, maana tutakuomba upige noti zote kutoka chini hadi juu, kwanza bila umeme na kisha kupitia spika, na chombo hakitatoka karakanani hadi wewe mwenyewe uridhike na unachokisikia.