Kosa si faida, ni mkebe uliobonyezwa

Mhariri,

Kila nyanya zinapopanda bei katika soko la Kongowea husikika neno lile lile: wafanyabiashara hawana utu, wanajitakia wao tu. Wanajitakia, ndiyo. Mama mboga haamki saa kumi alfajiri kwa kumhurumia mtu wa Nyali asiye na kitoweo. Anaamka kwa sababu ana karo na kodi ya nyumba. Hapo sioni dhambi. Ninachotaka kujua ni mambo mawili: je, mnunuzi anakiona anacholipia? Na asipokitaka, ana njia ya kwenda kwingine?

Tuchukue gorogoro, mkebe wa kilo 2 za mahindi, wenye upana wa sentimita 13. Kitako kikigongwa mpaka katikati kikaingia ndani sentimita 1, mkebe hupoteza kama mililita 67 za nafasi, yaani takriban gramu 50 za mahindi. Haonekani aliyeibiwa, maana juu kichuguu kimefurika vile vile. Gunia la kilo 90 hutoa mikebe 45, na gramu 50 mara 45 ni kilo 2 na robo. Muuzaji amepata mkebe mzima, na zaidi, ambao hakuununua. Tena aweza kutangaza bei nafuu kuliko jirani yake ambaye mkebe wake haukuguswa. Hilo ndilo huniudhi kuliko yote: wa kwanza kufukuzwa sokoni ni muuzaji mwaminifu.

Kuna na unyevu. Mahindi ya kuhifadhiwa hayatakiwi kuzidi asilimia 13.5 za unyevu. Yakiuzwa na asilimia 18, katika gunia la kilo 90 mnunuzi amelipia karibu kilo 5 za maji yaliyopaswa kukauka, na kwa joto letu la pwani gunia hilo huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mgema hulitia tembo maji akisifiwa. Muuza mahindi hahitaji hata kusifiwa, aacha tu kuyaanika.

Mizani nayo ina mambo yake. Ile ya springi ya kuning'inia ikichoka, mshale haurudi kwenye sifuri. Hulala gramu 50 au 100 mbele kabla samaki hajawekwa. Ya dijitali hudanganya kwa njia nyepesi zaidi: beseni haliondolewi uzito wake, na mnunuzi analipia plastiki kwa bei ya samaki. Kipimo cha kuijaribu hakina gharama. Chukua chupa ya maji ya lita 1 isiyofunguliwa, uiweke juu: isome kilo 1 na gramu chache za chupa yenyewe. Kisha isogeze kwenye pembe zote nne za sahani. Namba zikitofautiana sana, mizani hiyo ni mbovu au imewekwa pasipo sawa. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka. Kuomba kuuona muhuri si utovu wa adabu.

Kuhusu bei, najua wengine hawatakubaliana nami. Mifereji ikikauka, mwenye mkokoteni hupandisha bei ya mtungi wa lita 20, nasi twamwita mnyonyaji. Lakini mitungi 10 ni kilo 200 za kusukuma juani, na kisima cha karibu kikijaa foleni huenda cha mbali, kwa hiyo safari zake kwa siku hupungua. Bei hiyo hiyo ndiyo humvuta mwingine atoe mkokoteni wake, na wakizidi, bei hurudi chini. Akiteka maji ya chumvi kisimani akayauza kama matamu ya mfereji, hapo amemziba mnunuzi macho. Na wenye mikokoteni wakipatana kumzuia mgeni asichote, wamemfungia mnunuzi mlango. Mambo hayo mawili siyatetei. Dalali anayekula ada kwa mkulima, kisha kwa siri akala nyingine kwa mnunuzi, ni wa kundi hilo hilo.

Hapa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa faida iliyo wazi. Katika murabaha, aina ya mauzo ya Kiislamu, muuzaji hutaja alichonunulia na faida anayoweka: nimetoa shilingi 4,000, uchukuzi 300, nataka 500 yangu. Wanazuoni wengi hawakuweka kikomo cha faida hiyo. Waliloshikilia ni kwamba ile 4,000 iwe kweli 4,000. Na sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wapunjao, watu wa kupunguza vipimo. Haikupewa jina la wenye faida.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na biashara ya haki. Basi kaunti yetu iweke mizani moja iliyopigwa muhuri kwenye kila lango la Kongowea na moja pale soko la Marikiti, ya bure, ya mnunuzi kupimia mwenyewe kabla hajapanda matatu. Kando yake iwekwe ndoo ya chuma ya ujazo uliothibitishwa, ili gorogoro nazo zijaribiwe.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa