Ubuyu wa watu watatu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani hatujambo. Mvua za vuli zimeanza kwa ubahili, na baba yako bado anagombana na king'amuzi chake.

Picha yako niliipata. Niliitazama, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Unga wa ubuyu ndani ya kopo, duka la huko Berlin, na bei yake! Baba yako, ambaye siku hizi anasoma kila kitu kwenye simu, akaniambia Umoja wa Ulaya uliuruhusu ubuyu uuzwe huko mwaka 2008, na katika makaratasi yao wakauandika kuwa ni chakula kipya. Kipya! Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Ukaniuliza kama ndio ule ule niliokuwa nikikununulia ulipokuwa mdogo. Ndio, na sio. Huo wa kopo wameutoa kokwa, na ubuyu usio na kokwa ni wa kukorogea juisi tu. Ubuyu wetu hautafunwi. Unautia mdomoni, unaumumunya, kwanza sukari na iliki, kisha pilipili manga inakukuna koo, kisha ukali wenyewe wa mbuyu, na ukishafika kwenye kokwa tupu huna haraka ya kuitema. Muda wote huo mdomo una kazi lakini ulimi una nafasi. Watu wanaoita umbea ubuyu hawakukosea hata kidogo. Nani ameweza kumumunya ubuyu kimya?

Tulikuwa watatu. Mmoja tulimwita Pono, kwa sababu alikuwa akilala popote, hata akiwa amesimama foleni ya sukari. Wa pili Chiriku, na hilo halihitaji maelezo. Mimi waliniita Kijino. Hili pengo langu la mbele, ambalo nyinyi wote niliwaambia nilianguka ngazini, ni la kokwa ya ubuyu. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba naweza kuivunja nile kiini chake. Kokwa ikabaki nzima. Usimwambie kaka yako.

Aliyetuuzia alikuwa bibi mmoja, nyuma ya majumba ya Michenzani hapa Unguja, yale marefu ambayo Wajerumani Mashariki walisaidia kuyachora. (Mwambie huyo mwenye nyumba wako, huenda akafurahi akakupunguzia kodi.) Alikuwa na sufuria pana iliyopinda upande mmoja. Anachemsha sukari na maji mpaka shira ishike, anatia rangi, iliki aliyoitwanga mwenyewe, chembe ya chumvi, halafu anamwaga ubuyu na kuanza kugeuza kwa mwiko haraka haraka, kila kokwa ipate nguo yake nyekundu. Sisi tumechuchumaa pembeni tunameza mate. Miaka ile ya mwanzo wa themanini, baada ya Vita vya Kagera, sukari ilikuwa ya kutafuta, na wiki nyingine shira yake ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Hatukulalamika. Tulimpa ile senti hamsini yenye sungura, naye akatupimia kwenye karatasi ya daftari aliyoikunja kama pembe.

Kugawana ilikuwa kazi ya Chiriku. Moja ya Pono, moja ya Kijino, moja yangu. Ikizidi moja ilikuwa ya Pono, maana yeye alimumunya polepole kuliko sisi na ilituuma kumwona bado anakula huku sisi tumebaki na vidole vyekundu. Ukiniuliza hesabu hiyo ilikuwa na haki gani, sijui. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nikupe kile nilichokaa kuandika. Ramadhani ya mwaka 1982 iliangukia kipupwe, na sisi tulikuwa na miaka kumi kumi. Tulikuwa tunajifunza kufunga. Siku moja mimi na Chiriku tulishindwa. Yule bibi alikuwa amepika kwa ajili ya watakaonunua jioni, harufu ya iliki ikatufuata mpaka kona ya pili, tukarudi. Pono alikuwa amefunga kweli. Fungu lake alilifunga kwenye pindo la kanga, akasema atalifuturia. Sisi tukamumunya nyuma ya ukuta, kisha tukaenda chuoni kusoma Kurani tukiwa na nyuso za watu wema.

Mwalimu alitutazama midomo. Akatusimamisha wote watatu. Akasema: toeni ndimi. Wa Chiriku ulikuwa mwekundu kama jogoo wa mnadani. Wangu vivyo hivyo. Akafika kwa Pono, na Pono akafumba mdomo. Akaambiwa mara ya pili, akatikisa kichwa. Ulimi wake ulikuwa mweupe wa njaa, angeutoa tu akaenda kukaa. Badala yake alisimama nasi ukutani mpaka darasa likaisha, miguu ikituuma, na kwa kuwa alikuwa Pono, akasinzia.

Njiani nilimuuliza mbona hakutoa ulimi. Akasema, "Ningekaa na nani?" Kisha akafungua pindo akatazama ubuyu wake. Jasho la mkono lilikuwa limeuyeyusha, kanga ya mama yake imeingia doa jekundu, na hilo ndilo lililomliza.

Chiriku aliolewa Maskati mwaka 1991. Pono alitutoka mwaka 1999, katika uzazi. Chiriku alipiga simu kwa jirani, maana sisi hatukuwa na simu, nikakimbia nikaishika, na kwa muda mrefu nikasikia pumzi tu. Sijamsikia akikosa neno tena kabla ya siku ile wala baada yake. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata. Jina lako ni lake, hilo unalijua. La utani ndilo sikuwahi kukwambia.

Siku hizi Chiriku ananitumia sauti za dakika tisa. Nikipata mtu anayekwenda Maskati nampa ubuyu, na ukishafika nasikia kwenye simu kokwa ikimgonga meno katikati ya maneno. Kila mara analalamika kwamba pilipili imepungua. Siku hizi wanautia rangi za kila aina na kuufunga kwenye pakiti zenye picha, lakini kuhusu pilipili ana haki.

Juzi nilikwenda Darajani nikanunua kilo moja na nusu nikutumie. Nikaumwaga kwenye sinia ili nitoe vumbi la sukari, na nilipoinua kichwa nikakuta nimeugawa mafungu matatu. Mkono ulifanya wenyewe. Moja nimeliweka kabatini, moja litakwenda Maskati. Hilo ulilolipata ni la Pono, pamoja na kokwa moja iliyozidi.

Usiutie kwenye friji, utakuwa mgumu kama mawe. Na meno yako yaangalie.

Mama yako