Baridi yabisi si upepo wa kusi, wala si hukumu ya ukoo

Mhariri,

Mamangu mdogo, tunayeishi naye hapa Kibokoni, hawezi tena kukalia mbuzi akakuna nazi. Kila asubuhi huloweka vidole katika maji ya moto kwa muda mrefu kabla hajaweza kukunja ngumi. Baadhi ya majirani wanasema ni upepo wa kusi. Wengine wanasema ni ugonjwa wa ukoo, na neno hili la pili ndilo lililovunja posa ya binti yake mwezi uliopita.

Ugonjwa wake ni baridi yabisi, ambayo hutokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Jeni iitwayo HLA-DRB1 huunda protini iliyo mfano wa sinia, ambayo juu yake chembe za kinga huandaliwa vipande vya protini nyingine ili zivikague. Mwaka 1987, Peter Gregersen na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba aina kadhaa za jeni hii zinazohusishwa na maradhi haya huipa protini hiyo mfuatano unaofanana wa asidi za amino, yaani vijenzi vyake, katika nafasi ya 70 hadi 74. Sinia ya umbo hilo hushika vyema vipande ambavyo ajinini yake, mojawapo ya asidi za amino, imegeuzwa kuwa nyingine iitwayo sitrulini, na chembe za kinga zikividhania kuwa vigeni, huanza kutengenezwa kingamwili za kuvishambulia. Kingamwili hizo zaweza kuwamo damuni miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijauma. Wapo pia wagonjwa wasiokuwa nazo kabisa, na kwao jeni hii ina uzito mdogo zaidi.

Jeni hurithiwa, sikatai. Lakini hata pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenziwe husalimika: wanaougua wote wawili ni takriban jozi 15 katika kila 100. Sigara, kwa mfano, huchochea ugeuzaji huo wa ajinini kuwa sitrulini mapafuni, na mvutaji aliyerithi jeni ya aina hiyo hujiongezea hatari maradufu na zaidi.

Binti wa mamangu mdogo havuti sigara wala hajavimba hata kidole. Waliokuja kumposa hawakuuliza hayo. Waliuliza tu mama yake anaumwa na nini.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa