Shukia njia panda, mwanangu

Mwika, Novemba

Mwanangu,

Wiki iliyopita nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, simu ikalia mfukoni. Ujumbe, namba siijui. Nikaenda ndani kufuata miwani. Ulisema wewe ni mdaiwa sugu, umeingia mitini, na mimi kama mtu wako wa karibu nikushauri ulipe kabla hatua hazijachukuliwa. Majina yako yote matatu, kwa herufi kubwa. Haikupita saa, shangazi yako wa Himo akanipigia, naye kaupata. Jioni fundi aliyetuezekea banda akanipa pole bila kusema ya nini, nikajua na yeye kaupata.

Sikukupigia. Ungesema mtandao mbovu, ukakata. Ndiyo maana naandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Aliyepiga hesabu ni mama yako. Alikuwa anamenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa, "Ni Krismasi ile." Nilibisha, halafu nikanyamaza. Lile gari jeupe ulilokuja nalo Desemba iliyopita, ukasema la rafiki. Ndafu uliyemnunua bila kushusha bei hata shilingi. Kreti ulizozipanga barazani mpaka majirani wakazihesabu. Na lile blanketi zito. Blanketi lipo kitandani, baridi ya Juni lilitusitiri kweli, na sikuwahi kukushukuru ipasavyo. Aika, mwanangu. Ila tangu siku ya ujumbe ule, usiku nalisukumia upande wa mama yako.

Sasa nasikia mwaka huu huji. Umemwambia mdogo wako huwezi kupanda mlima mikono mitupu, tena kuna ada ya Januari.

Sikulaumu, maana wenye kosa tuko wengi huku juu. Desemba tumeigeuza mtihani. Kuanzia tarehe 20 vijana wanakaa pale njia panda kutwa nzima kusahihisha: nani kapanda na gari la namba E, nani kashuka kwenye Noah kabeba mfuko wa rambo. Hata kanisani ni hivyo hivyo. Zamani sadaka ya shukrani ilikuwa kuku, mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, na mnada ukapigwa pale nje watu wakacheka. Siku hizi shukrani ina kipaza sauti na kiasi chake. Nami nisijitoe humo. Miaka yangu ya uzee wa kanisa niliyasoma majina yale mwenyewe, na penye tarakimu nyingi nilipandisha sauti.

Halafu kuna hizi nyumba za mageti. Kati ya kwetu na barabara ya lami ziko tatu, migomba imefyekwa kuzipisha, na miezi kumi na moja zinalala giza. Katika mojawapo bibi mwenye kihamba, shamba la ukoo, anaishi nyuma, kwenye jiko lake la zamani, kwa sababu vigae vinamtelezesha. Vijana waliobaki tunawapa kazi ya kufungua mageti hayo, jioni wanakwenda kunywa. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, sasa wanashika vichupa. Haya, hilo tuliache, nitaandika mpaka usiku.

Nataka nikwambie jambo ambalo hata mama yako nilichelewa kumwambia. Krismasi ya 1983 sikuja nyumbani. Nilikuwa mwalimu Singida, mwaka wa pili kazini, na huo ndio mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Mshahara ulikuwepo, cha kununua hakipo. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Bibi yako alikuwa amewatangazia majirani kwamba mwalimu wake anamletea khanga. Nilizunguka mjini siku mbili kutafuta doti moja, nikakosa. Nikaona heri nisionekane. Nikaandika barua kwamba tumezuiwa kazini, uongo mtupu. Sikukuu niliila chumbani peke yangu, ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, na mlenda, nikisikiliza redio ya jirani ukutani.

Nilikuja Pasaka. Ilikuwa tarehe 22 Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine ana siku kumi tu tangu afe kwa ile ajali ya Dakawa, na watu bado walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Masika imeshika. Basi lilikwama kwenye tope karibu na Katesh, tukalisukuma mpaka kiatu changu kimoja kikabaki humo. Nilifika nyumbani usiku, peku, na begi moja lenye daftari za kusahihisha.

Bibi yako hakutaja khanga. Alinyoosha mkono kwenye kichanja juu ya mafiga, akashusha kitu kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Fungu langu la nyama ya Krismasi. Lilikaa kwenye moshi miezi minne, limekuwa jeusi na gumu kama soli. Alilichemsha usiku ule ule. Kuni zikaisha, akavunja kigoda kibovu akakitia motoni. Na mimi mwalimu, niliyesomeshwa kwa kahawa yake, nilisema nini? "Mama, hii haitafuniki." Alicheka, akaichukua akaanza kunichambulia nyuzi moja moja kwa vidole, kama anamlisha mtoto.

Khanga nilimletea baadaye, nyingi. Alipofariki tulizikuta sandukuni, nyingine hazijaguswa na maji hata mara moja.

Basi. Kuhusu deni, niambie ni kiasi gani, bila kupunguza ili nisistuke. Usikope huku ulipe kule, hizo ndizo kausha damu zenyewe, unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwingine. Na uulize kwanza kama hao jamaa wana leseni, maana mwaka 2024 Benki Kuu ilizifungia programu nyingi za mikopo ya simu za namba hiyo. Kahawa yangu ya msimu haifiki mbali, lakini ipo, na shangazi yako amesema ana chochote. Usimkatalie, atanuna mpaka Pasaka.

Mbuzi mwaka huu hayupo. Kuna jogoo anayewika saa nane usiku, mama yako ana kesi naye ya muda mrefu, ataimaliza tarehe 25. Mtori upo. Mbege nitaitengeneza mwenyewe, ulezi umeshaota. Watoto wafungashie mabuti, huku mvua haijaisha.

Panda basi la mchana, na dereva akianza kushindana na wenzake pigeni kelele, msione aibu. Mkifika Himo usikodi kitu. Pandeni Noah kama watu wote, mwambie konda awashushe pale njia panda. Nitakuwepo, nimekaa na wale vijana.

Baba yako