Wanaosema "hapana" kwenye kaunta si wachoyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba wanaokataa kuchangia wanapoombwa kwenye kaunta ya duka ni wachoyo, na wanaotoka mkahawani bila kuacha bakshishi hawakulelewa. Sina ugomvi naye. Ila ameandika kama mtu aliyesimama upande mmoja tu wa kaunta. Mimi nimesimama upande wa pili kwa miaka 14: mitano nikiwa mhudumu wa mezani, tisa nikiwa keshia.

Nianze na dukani. Mteja anaweka vitu vyake, ninavipitisha kimoja kimoja, mashine inalia, jumla inatokea. Kabla hajatoa pesa ndipo nilipotakiwa kusema: "Ungependa kuwachangia watoto wagonjwa leo?" Maneno hayo sikuyatunga mimi. Yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya mashine, na mkuu wa zamu alikuwa akipita nyuma yetu polepole kusikiliza kama tunayasema yote. Ilikuwa lazima useme "watoto wagonjwa", ukisema "watoto" peke yake umekosea. Na "leo" lisisahaulike, maana bila "leo" mteja anaweza kujitetea kwamba yeye hutoa siku nyingine.

Karatasi ambayo mteja hakuiona ilikuwa nyingine, kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo. Kila Jumatatu majina yetu yalipangwa humo kuanzia aliyekusanya mchango mwingi hadi aliyekusanya kidogo. Wa kwanza alipigiwa makofi. Wa mwisho aliitwa ofisini "kutiwa moyo". Niliitwa mara mbili. Ya tatu sikuisubiri: nilianza kuchomoa sarafu zangu za nauli na kuziingiza kwenye mashine kana kwamba zimetoka kwa mteja, angalau jina lipande nafasi mbili tatu. Baadaye nikagundua kwamba sikuwa peke yangu. Mwenzangu wa kaunta ya jirani, mama wa watoto wanne, alikuwa akifanya vivyo hivyo. Basi ile pesa ya watoto wagonjwa, sehemu yake ilitoka mifukoni mwa wanawake waliokuwa wakikopeshana kufika mwisho wa mwezi.

Sasa nimweleze msomaji huyo kuhusu hao anaowaita wachoyo. Ukiuliza swali lile lile mara mia tatu kwa siku, unajifunza kusoma mabega. Wapo waliosema "ndiyo" kabla sijamaliza kuuliza, wakitazama simu, kama mtu anayefukuza nzi. Wapo waliosema "ndiyo" kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni. Na wapo waliosema "hapana" wakiinamisha kichwa, kisha wakakusanya mifuko yao kwa haraka mpaka kitu kinaanguka. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa amehesabu sarafu zake kabisa, amezipanga kiganjani, zinatosha hesabu na hazizidi. Nilipouliza, alizitazama tena kama aliyesahau kuhesabu. Halafu akarudisha sabuni. Akachangia watoto wagonjwa, sabuni ikabaki kwangu. Siku ile nilitamani aniite mjinga, aniambie hapana, aondoke na sabuni yake.

Msichana mwingine, hata shule ya msingi hajamaliza nadhani, alimuuliza mama yake waziwazi: "Mama, kwa nini umewakatalia wagonjwa?" Watu watano walikuwa nyuma yao. Mama hakujibu. Kwa yote ninayoyajua mimi, mama huyo huenda alikuwa ametoka kumpelekea jirani yake chakula hospitalini, au alikuwa akimsomesha yatima wa ndugu yake. Mashine haijui. Foleni haijui. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walitaja moyo. Macho ya watu watano nyuma yako hawakuyataja.

Hapa niseme jambo ambalo litawaudhi wanaoniunga mkono. Kuna maneno yanazunguka kwamba duka linachukua mchango wako na kujipunguzia kodi kwa jina lake. Nilipostaafu nilitafuta kujua. Kwa Marekani, ambako michango hii ya kaunta imeenea sana, haiko hivyo. Pesa ya mteja inayokwenda kwenye taasisi ya hisani inapitia dukani tu. Haihesabiwi kuwa mapato ya duka, na duka haliwezi kuidai kama sadaka yake. Anayeweza kuidai ni mteja mwenyewe, sheria ikimruhusu na risiti akiwa ameitunza. Kwa hiyo tusiwazushie watu wizi ambao hawakuufanya. Wanachokipata ni sifa. Dukani kwetu, mwisho wa kampeni, ilikuja hundi kubwa ya kadibodi, ndefu kuliko meza, wakubwa wakaishika huku na huku na kupigwa picha. Jina la duka liliandikwa kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa nyuma nikifagia, nikiwaza kwamba humo ndani mna nauli yangu ya siku 11 na sabuni ya mzee.

Tofauti ipo duka linapotoa pesa yake lenyewe, tuseme sehemu ya faida ya bidhaa fulani. Hapo wapige picha wapendavyo.

Na kuomba si kosa. UNICEF wana mpango wao na mashirika ya ndege, ulioanza mwaka 1987, wa kukusanya sarafu za kigeni zilizobaki mifukoni mwa abiria. Unapewa bahasha. Unatia au hutii, unaifunga, unaikabidhi. Aliyeketi kando yako hajui umetia sarafu mbili au noti tatu. Sarafu zenyewe ni zile ambazo ukifika kwenu hazina kazi. Aliyebuni jambo hilo alielewa kwamba mtu mzima ana haki ya kutoa bila kuhesabiwa.

Nije kwenye bakshishi. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, na huko asili yake ni kupa, kutoa. Nilipokuwa mhudumu nililipenda sana, sitajifanya mtakatifu. Ukiokota noti iliyokunjwa chini ya kisahani, miguu inaacha kuuma kwa muda. Lakini msomaji wetu anaposema kwamba asiyeacha bakshishi hakulelewa, anasahau swali linalotangulia: mshahara wa mhudumu nani anaulipa?

Maana jibu si moja kila mahali. Ufaransa, bei unayoiona kwenye orodha ya vyakula tayari ina huduma ndani yake, ndivyo kanuni inavyotaka tangu 1987. Ukiongeza kitu ni hiari yako, usipoongeza hujamdhulumu mtu. Japani, bakshishi si mazoea kabisa, na pesa uliyoiacha mezani inaweza kukufuata mlangoni wakidhani umeisahau. Marekani ni kinyume chake. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi zisipofikisha kima cha chini cha dola 7.25, mwajiri ndiye anayetakiwa kujazia. Yapo majimbo, kama California, yaliyokataa mpango huo na kudai mshahara kamili kwanza. Ila palipobaki 2.13, mteja anayekula na kuondoka bila kuacha kitu amekula sehemu ya mshahara wa mtu, apende asipende. Huko nakubaliana na msomaji wetu. Ila lawama ya kwanza naipeleka kwa aliyeupanga mshahara hivyo.

Na ulipangwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala iliajiri wanaume weusi, wengi wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani, wawahudumie abiria. Iliwalipa kidogo, ikawaachia abiria wajazie. Abiria wengi hata majina yao hawakuyauliza. Waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na iliwachukua hadi 1937 kupata mkataba na kampuni. Miaka 12 ya kudai walipwe na aliyewaajiri! Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa. Mwaka 1909 jimbo la Washington liliwahi hata kuipiga marufuku bakshishi kwa sheria, mengine yakafuata, lakini kufikia 1926 marufuku hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Swali la pili ni nani anaipata. Nilikofanyia kazi, bakshishi zote ziliingia kwenye kopo, na kopo liliingia kwenye droo ya meneja. Jioni ya Jumamosi tuligawiwa. Hakuna aliyejua jumla ilikuwa ngapi. Muosha vyombo, kijana aliyekuwa na nyufa za sabuni vidoleni mpaka akishika limau analia, hakuwahi kupata hata sarafu moja, eti kwa sababu wateja hawamuoni. Mimi nilimuona kila siku na sikusema kitu. Hilo ni langu, silisukumi kwa meneja. Uingereza wana sheria iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024: mwajiri anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote, asijikatie chochote zaidi ya kodi halali, na aigawe kwa haki. Ukitafakari, sheria haitungwi kuzuia jambo ambalo halikuwa likitendeka.

Siku hizi kuna kioo. Unalipa kwa kadi, mhudumu anakugeuzia mashine, na hapo pana vitufe vitatu vikubwa vya asilimia, cha kati kimeshakolezwa rangi. "Hakuna" ipo chini kabisa, kwa herufi za chungu, na mhudumu amesimama akitazama dari kwa adabu. Mara nyingine hata kinywaji hujapewa. Jamani, bakshishi ni asante. Asante inayotangulia kazi ina jina lingine, na sote tunalijua. Kisha ile asilimia inapigwa juu ya jumla pamoja na kodi, kwa hiyo unaitunza na serikali. Sisemi hili kwa uchungu wa senti. Nasema kwa sababu aliyekupangia vitufe si yule mhudumu. Yeye hana neno lolote pale, kama mimi nilivyokuwa sina neno kwenye ile karatasi iliyobandikwa pembeni ya mashine yangu.

Mimi mwenyewe nikienda mahali, siku hizi namuuliza mhudumu kwa sauti ndogo: "Nikikulipia kwenye kadi, inakufikia?" Wengi hucheka kwanza. Wakisema haiwafikii, namkunjia noti mkononi wakati wa kuagana, naondoka kabla hajanishukuru, kwa sababu mtu aliyechoka hapaswi kunifanyia maigizo ya furaha. Nisipokuwa nayo, simpi, na namsalimia vizuri vilevile. Nilipokuwa mhudumu niliwapenda wateja wa namna hiyo kuliko wale waliotupa noti mezani kama mfupa, kisha wakanitazama kama naokota vizuri.

Kwenye duka nimewahi kupendekeza, nikiwa bado kazini, kwamba tuweke kisanduku cha sadaka karibu na mlango wa kutokea, na juu yake karatasi ya ukweli: pesa zinakwenda kwa nani, mwezi uliopita zilipelekwa ngapi, stakabadhi hii hapa. Keshia asiulize. Anayetaka atie akitoka, foleni ikiwa imempa kisogo. Niliambiwa kisanduku hakitaleta hata nusu. Nadhani walisema kweli. Lakini ile nusu nyingine ilikuwa pesa ya nini, kama haikuwa ya haya?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni kama mteja. Binti wa kaunta, mdogo, jina lake limebandikwa kifuani, aliniuliza lile swali kwa mwendo uleule wa kukariri, na "leo" mwishoni. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu." Akainua kalamu, akaweka alama ndogo kwenye kikaratasi chini ya mashine. Nikamuuliza kama majina bado yanabandikwa chumbani. Alinitazama kwa muda, akageuka kuona kama mkuu wa zamu yuko karibu.

"Kila Jumatatu, mama," akasema. "Mimi ni wa pili kutoka mwisho."

Nikatoa noti, nikamwambia ni ya nauli yake na asiithubutu kuiingiza kwenye mashine. Aliichukua. Kama ameiingiza sijui.

Wako,
Keshia Mstaafu
(Jina langu nimeliacha kwa mhariri)