Tairi la trela halipimwi kwa kashata

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu safari ndefu za pikipiki niliisoma mara mbili, kwa kuwa inahusu jambo lililonishughulisha karibu mwaka mzima: kununua trela kuukuu la kambi, lile dogo la magurudumu mawili linalokokotwa na pikipiki na kukunjuliwa likawa hema, kisha kulifufua. Mengi mliyoandika ni sawa. Lakini kuna sentensi moja nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi alisema kwamba matairi yakiwa bado na kashata nzuri, yaani ile michoro ya mpira inayokanyaga barabara, mnunuzi asihangaike nayo, fedha yake aiweke kwenye hema na rangi. Mimi nilifanya hivyo hivyo bila kushauriwa na mtu, na ninaandika ili mwingine asirudie.

Kazi yangu ni ushonaji. Siku niliyofungua kifuniko cha trela, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye turubai. Mikunjo ilikuwa na ukungu mweusi, zipu ya mlango imepoteza meno, mshono wa paa umeachia kiasi cha mkono mzima. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichooza ni uzi, kwa sababu uzi hukaa juu ya kitambaa na jua huuwahi kwanza. Nikafumua mshono wote wa paa na kuurudia kwa uzi mnene wa poliesta na sindano namba 18, mshono wa kukunja mara mbili. Ukungu niliusugua kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Dawa ya kung'arisha nguo sikuigusa, maana hudhoofisha pamba. Kisha nikasimamisha hema, nikalimwagia maji mpaka likalowa chepechepe, nikaliacha likauke lenyewe. Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu ya sindano. Mara ya kwanza lilivuja, mara ya pili kidogo, mara ya tatu halikupitisha hata tone. Nilifurahi sana. Miezi miwili ilikuwa imekwisha na magurudumu sijayagusa.

Safari ya majaribio tuliifanya mimi na mke wangu, mizigo yote ndani. Baada ya kilomita 40 tulisimama kupumzika, naye ndiye aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua. Niliweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu la kushoto nikakiondoa papo hapo. Nilipoliinua trela na kulizungusha gurudumu kwa mkono, lilinguruma kama kinu kinachosaga kokoto.

Tulilala hapo hapo, na asubuhi nikalifungua. Grisi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama nta iliyoungua, sili ya nyuma, ule mpira unaozuia maji yasiingie, imepasuka, beringi ya ndani imegeuka rangi ya samawati, ambayo ndiyo alama ya chuma kilichopikwa. Aliyeniuzia aliniapia kuwa trela halijatembea miaka mingi, nami nilidhani hiyo ni sifa. Kumbe trela lililosimama muda mrefu huingiwa na unyevu, na kutu huanza pale pale beringi ilipokalia bila kuzunguka.

Wenzangu wengi hudhani trela ni jepesi hivyo magurudumu yake hayana kazi kubwa. Hebu tupige hesabu. Tairi langu, la rimu ya inchi 8, lina kimo cha sentimita 41 hivi. La nyuma la pikipiki yangu lina sentimita 64. Kila pikipiki inapozungusha gurudumu mara moja, trela linazungusha lake zaidi ya mara moja na nusu. Safari tuliyopanga ni ya kilomita 4,000: gurudumu lile dogo litazunguka zaidi ya mara milioni tatu. Beringi iliyokauka haiwezi kuvumilia kazi hiyo hata kwa dua.

Sasa kuhusu matairi yenyewe. Kashata zilikuwa nzuri kweli, karibu mpya. Binti yangu ndiye aliyeinama kwenye ubavu wa tairi akaniuliza zile tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu ni za nini. Zilisomeka 2309. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Jua na hewa huukausha, na ukilikunja tairi kwa vidole gumba utaona nyufa nyembamba karibu na rimu. Watengenezaji wengi hawataki tairi livuke miaka kumi, hata kama halijaisha kashata. Nilibadilisha yote mawili pamoja na beringi zote nne, na mabakuli yake, yaani vikombe vya chuma ambamo beringi huzunguka, kwa sababu beringi mpya ndani ya bakuli la zamani huliwa upesi. Nati ya ekseli niliikaza, nikairudisha kidogo ili gurudumu lizunguke bila kulegea, nikapitisha spliti pini mpya, kile kipini kinachoizuia nati isifunguke. Kazi yote ilichukua siku moja. Siku moja tu, Mhariri, nami nilitumia miezi miwili kwenye paa!

Taa zilinisumbua pia, kwa kuwa kwenye pikipiki yangu breki na indiketa zina nyaya tofauti ilhali trela lilichanganya zote kwenye balbu moja. Kuna kifaa kidogo cha kuzioanisha, nacho kinatosha. Uzito ni jambo zito zaidi. Kichwa cha trela, yaani ncha ya mbele inayofungwa kwenye pikipiki, kinapaswa kulemea kiungio kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Langu likiwa na mizigo ni kilo 150, hivyo naweka kichwa juu ya mizani ya kupimia mwili na kusogeza mizigo mpaka isome kama kilo 20. Kikiwa chepesi, trela huanza kutikisa mkia, na mwendesha pikipiki hana namna nzuri ya kulituliza. Vilevile mtu asome kwanza kitabu cha pikipiki yake, kwani watengenezaji wengi hawaruhusu kabisa kukokota trela.

Tangu hapo nimekwenda majaribio matatu, na kila kituo nagusa vitovu kwa kiganja. Vina vuguvugu tu. Tunaondoka mwezi ujao.

Ombi langu kwenu ni moja. Mtakapoandika tena habari hii, ile picha ya hema lililosimama mbele ya machweo iacheni ukurasa wa ndani. Mbele wekeni picha ya ubavu wa tairi, na mshale kwenye zile tarakimu nne.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani