Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Mama aliruhusiwa, hakupona

Mheshimiwa,

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizipeleka masjala mwenyewe, nakala zenye muhuri ninazo. Ninaandika hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita jirani yetu, fundi cherehani, amerudishwa nyumbani na kiharusi kama alivyorudishwa mama yangu mwaka jana: mkono umelala, maneno hayatoki, na karatasi ya ruhusa inasema hali yake nzuri.

Mama tulimfikisha hospitali saa nane usiku, hata saa moja haijapita tangu mdomo upinde. Picha ya CT alipigwa saa nne asubuhi. Bila picha hiyo daktari hawezi kujua kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Labda mpiga picha hakuwa zamu. Labda dawa yenyewe haikuwapo. Sikuambiwa.

Kabla ya picha niliambiwa nimpe uji. Hakuna aliyemjaribu kwanza kwa kijiko cha maji kuona kama anameza. Akapaliwa, siku ya tatu nimonia. Kijiko nilikishika mimi, Mheshimiwa. Bado kinaniamsha usiku.

Kwenye mkutano wa hadhara uliahidi huduma ya kiharusi itapimwa. Inapimwa kwa lipi, kwa waliotoka wodini wakiwa hai? Uingereza wana daftari la taifa, SSNAP: mgonjwa amefika saa ngapi, amepigwa picha saa ngapi, amejaribiwa kumeza au la, na miezi 6 baadaye yukoje. Ipo pia skeli ya Rankin, kipimo cha ulemavu baada ya kiharusi, 0 hadi 6. Sifuri hana dalili, 6 amefariki. Huulizwa siku ya 90 tangu kiharusi, hata kwa simu. Mama nimempima mwenyewe: ni 4, hatembei wala haendi chooni bila kushikwa. Genge langu la mboga nimelifunga ili nimshike.

Siombi mashine mpya. Naomba simu ya siku ya 90, kwa kila mgonjwa, na jibu liandikwe. Namba yangu imo kwenye faili la mama, haijawahi kupigwa. Jirani yetu, siku zake 90 hazijafika. Mpigieni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa